Kahawa Ilikuwa na Karani, Ndizi Zilikuwa na Mama

Ukitaka historia ya kahawa ya Kilimanjaro hutahangaika. Majengo yapo, mafaili yapo, na wasomi wa hapa na wa Ulaya wamejipatia shahada kwayo. Jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, limesimama Moshi mjini hadi leo, na wazee wa kwetu wanautaja mwaka 1933, chama kilipoanza, kama mtu anavyotaja mwaka aliobatizwa. Lakini ukitaka historia ya mkungu wa ndizi mchare uliokatwa kihambani kwa mama mmoja asubuhi ukaingia chunguni kwa mama mwingine jioni, hakuna ofisi ya kukupokea. Itabidi uulize watu.

Mimi nimeuliza sana, maana nimelelewa na pesa za ndizi. Nyumbani kwetu ni Mamba, kati ya Marangu na Mwika. Ada ya shule ililipwa na kahawa ya baba, hilo halina ubishi, na baba alihakikisha halisahauliki. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, daftari lililoisha katikati ya muhula na nauli ya kwenda hospitali vilitoka kichwani kwa mama, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Hesabu ya kahawa aliandika karani wa chama. Hesabu ya ndizi mama aliifunga kwenye pindo la kanga, na hakuna aliyemuuliza ilikuwa ngapi.

Kwa msomaji asiyepajua kwetu, niseme kidogo kuhusu kihamba, shamba la familia linalozunguka nyumba. Ukanda wa vihamba huanzia kama mita 900 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi kama mita 1,900, karibu na msitu. Juu kabisa ipo miti mirefu, misesewe na mingineyo, iliyoachwa kwa ajili ya kivuli, kuni na mbao. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hachungwi. Hukaa zizini nyuma ya nyumba, akaletewa majani yanayopandishwa kwa kichwa kutoka mashamba ya chini. Samadi yake inakwenda kwenye migomba, na mgomba ukishakatwa mkungu, shina lake linakatwakatwa na kurudi kwa ng'ombe. Maji yanaletwa na mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu, kila ukoo na zamu yake. Mpaka na jirani ni mimea ya masale, na ole wako uyang'oe.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta kihamba cha wastani ni hekta 0.68, na ndani ya vihamba hivyo mimea ya aina zaidi ya mia moja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Heshima kubwa. Mama hakuwahi kusikia neno la kitaalamu hata moja kuhusu kazi hiyo. Yeye alijua kwamba mgomba usiowekewa samadi unazaa vidole vya mtoto.

Soko la chakula mlimani ni la kale kuliko kahawa, kuliko misheni, kuliko Mjerumani. Kabla ya noti na sarafu, ndizi, maharage na maziwa vilibadilishwa kwa magadi kutoka nyikani na kwa chuma kilichofuliwa na Wagweno wa Upare ya Kaskazini. Wazee wa kwetu husimulia kwamba hata Mangi, yaani mtawala, wa huku alipokuwa hapatani na Mangi wa kule, wanawake waliendelea kuvuka makorongo na mizigo yao kichwani, maana vita vya wanaume havikuwa sababu ya watu kula bila magadi. Siwezi kukuapia kwamba desturi hiyo haikuvunjwa hata mara moja. Lakini simulizi hiyo utaikuta Machame, utaikuta na Mwika, na watu hawasimulii kitu pande zote mbili za mlima bila sababu.

Halafu ikaja misafara. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alitoka Rabai nyuma ya Mombasa akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua njia vizuri, na vitabu vya Ulaya vikaandika kwamba Rebmann ameona theluji. Bwana Kheri alikuwa ameshaiona bila kuandika. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa tayari inapita huku, na msafara wa mamia ya wapagazi hauendi kwa pembe, unaenda kwa chakula. Taveta ikawa kituo kikuu cha kupumzika na kufungasha. Huku mlimani nako wasafiri walipiga kambi karibu na makazi ya Mangi, kwa Rindi wa Moshi, ambaye wao walimwita Mandara, na baadaye kwa Marealle wa Marangu. Mangi alipokea zawadi kubwa kubwa. Ndizi, maharage na unga vilitoka vihambani, vikalipwa kwa shanga na kwa kitambaa cha merikani.

Kila Oktoba tunakumbushwa kwamba tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro. Siku hizi, kwa bahati nzuri, Yohani Lauwo wa Marangu, anayesemekana aliwaongoza, naye anatajwa. Kinachosahaulika ni sababu ya Meyer kufanikiwa safari hiyo baada ya kushindwa mwaka 1887. Safari hii aliweka kambi hatua kwa hatua, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache, ili asilazimike kushuka kwa njaa. Chakula hicho kilikuwa na mkulima wake, na mimi naamini mkulima huyo alikuwa na ngata kichwani.

Kahawa iliingia na mapadri wa Kilema katika miaka ya 1890. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Waingereza walipotawala, ofisa wao Charles Dundas aliwahimiza Wachagga wapande kahawa, walowezi wakanuna, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kwanza, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Chama hicho ndicho kilichozaa KNCU. Baadaye ikatoka amri kwamba kahawa yote ya Mchagga ipitie KNCU, na mwaka 1937 zikazuka ghasia, watu wakidai uhuru wa kuuza wanakotaka. Haya yote yameandikwa vizuri na waliosoma kuliko mimi. Ninachotaka uone ni kwamba wakati wanaume walipokuwa wakigombana na serikali juu ya nani anunue kahawa yao, wake zao walikuwa wakiuza chakula kwa yeyote wamtakaye, kwa bei waipangayo wenyewe, katika soko la mwendo wa mguu.

Soko lenyewe, nilivyolijua utotoni, lilikuwa hivi. Kila aina ya ndizi na upande wake: mchare kwa ajili ya mtori na machalari, ndizi ng'ombe kwa pombe ya mbege, kisukari kwa watoto. Pembeni mboga, magimbi, viazi vikuu. Kivulini walikaa wenye maziwa, kibuyu kimezibwa kwa majani. Magadi yalikuwa na safu yake. Wanaume walikuwa upande wa nyama na mbege, na sikumbuki hata mmoja akiuza ndizi za kupika, angechekwa.

Mnunuzi anayejua hakuanza kwa kutazama ndizi. Alitazama mkono wa mkungu, pale panga lilipopita. Utomvu ukiwa bado mbichi, mkungu umekatwa alfajiri. Ukiwa umekauka na kuwa mweusi, umelala, na bei lazima ishuke. Kisha alipitisha kidole gumba kwenye kingo za ndizi: kingo kali, haijakomaa, itapikika lakini haitakuwa na utamu, zikianza kuwa duara, hiyo ndiyo. Ndipo akauliza ya nyumbani, mtoto anaendeleaje, ng'ombe amezaa? Bei ilikuja mwisho, karibu kwa aibu. Walipokubaliana, muuzaji aliongeza kidole kimoja viwili vya kisukari, mnunuzi akasema "aika mae", yaani asante mama, na ikaisha.

Hayakuwa mazungumzo ya bure. Kila mnunuzi alijua kihamba mkungu ulikotoka. Alijua kama mwenyewe ana ng'ombe wa samadi au hana, kama maji ya mfongo yalimfikia mwaka ule au zamu yake ilirukwa. Mama aliyetia maji kwenye maziwa alijulikana mpaka ng'ambo ya korongo, na ilimchukua miaka kusamehewa. Siku hizi tunabandikiwa lebo kwenye mifuko kutueleza kwamba chakula ni salama. Pale lebo ilikuwa ni mtu mwenyewe, na ungekutana naye kanisani Jumapili.

Sitaki kuupamba wakati ule. Mama aliyeuza ndizi hizo hakuwa na ardhi. Kihamba kilirithiwa na wavulana, hasa wa kwanza na wa mwisho, na wa mwisho ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi. Mwanamke alikuja kama mke, akalima, akauza, na ujane wake ukategemea moyo wa mwanawe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Sheria ni nzuri, lakini huku kikao cha ukoo bado kina sauti kubwa kuliko gazeti la serikali.

Katika miaka ya sabini serikali iliweka mkono wake kwenye nafaka. Shirika la Taifa la Usagishaji ndilo lililokuwa mnunuzi halali wa mahindi na mchele, na kwenye vizuizi vya barabarani mtu alinyang'anywa gunia alilopewa na shemeji yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, KNCU ikiwemo, vikarudishwa mwaka 1984. Katikati yake tulipanga foleni ya sukari na sabuni. Ndizi hazikuguswa. Huwezi kuziweka ghalani mwaka mzima ukisubiri kibali. Baada ya wiki zimeiva, baada ya mbili ni siki. Kuoza kwake ndiko kulikoziokoa. Katika miaka ya njaa ya maduka, soko la akina mama halikukosa siku yake hata mara moja.

Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa, uliokuwa ukilinda bei kwa kugawa mafungu kwa nchi, ulivunjika, na bei ikaanguka. Hapo ndipo niliwaona wanaume wa kwetu wakigeuka kutazama migomba kwa macho mapya. Miti ya kahawa iling'olewa, mingine usiku. Malori yakaanza kupanda mpaka Mwika, na dalali akaacha kusubiri sokoni, akawa anaingia kihambani na kununua mkungu ukiwa bado mtini. Ndizi za Mamba zikashuka hadi Mabibo, Dar es Salaam, kwenye soko ambalo watu wamelipa jina la Mahakama ya Ndizi. Nyingine huvuka mpaka pale Holili kwenda Taveta, kulekule walikofungasha wenye misafara.

Bei ya pale Mabibo na bei aliyolipwa mama wa Mamba hazifanani, na tofauti yake inakwenda kwa mikono mingi, mingine halali. Siwalaumu wenye malori. Barabara ni mbovu na dizeli hailipiwi na mtu mwingine. Ninachowalaumu ni kukata ndizi zenye kingo kali ili zivumilie safari, halafu mtu wa Dar akipika mtori anasema ndizi za Moshi zimeharibika siku hizi.

Ndiyo maana mimi, ninayeishi Dar, nimerudi kwenye njia ya mama. Kuna mama mmoja wa Mamba, mke wa mtoto wa jirani yetu wa zamani. Nampigia simu, ananiambia kuna nini kihambani, natuma pesa kwa simu, anafunga mkungu kwa majani ya mgomba, na kijana wa bodaboda anaushusha mpaka stendi. Kesho yake naupokea kwenye basi, mkono wake umekauka, bila shaka, lakini kingo zina uduara wake. Wapo Wachagga wengi hapa mjini wanaofanya hivyohivyo, na wasio Wachagga pia wameanza. Nikipiga hesabu ya basi na bodaboda sinunui rahisi kuliko Mabibo. Anayefaidika ni yeye, maana bei anaipanga mwenyewe, na hataki kubembelezwa.

Mwezi uliopita nilimpigia nikiwa na wageni. Nikasema ninataka mikungu miwili ya mchare, na haraka.

"Dada, wiki hii hapana," akasema. "Huku juu tuna msiba. Ndizi ng'ombe zimeshakatwa zote za mbege, na mchare unapikwa hapahapa."

Nikamwambia nitaongeza pesa.

"Mae, si suala la pesa. Wewe piga wiki ijayo."

Nikaenda Mabibo.