Jinsi ya kulinda turathi za kale barabara zinapojengwa

BARABARA mpya humkaribishia mwananchi soko, shule na hospitali. Hata hivyo, tingatinga linalofungua njia hiyo laweza, kwa asubuhi moja tu, kufuta kumbukumbu za watu walioishi mahali hapo karne nyingi zilizopita.

Nchini Kenya hatari hii si ndogo. Zana za mawe za binadamu wa kale zimepatikana Olorgesailie, karibu na barabara ya Magadi, na pia Kariandusi, karibu na Gilgil. Pwani kuna magofu ya miji ya Waswahili kama Gede na Jumba la Mtwana, pamoja na misitu ya Kaya za Wamijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2008. Maeneo hayo yanajulikana na yana ulinzi. Yaliyo hatarini zaidi ni yale ambayo yangali ardhini na hayajaandikishwa popote.

Kigae cha chungu kikiokotwa peke yake hakielezi mengi. Thamani yake hutokana na mahali kilipolala: tabaka la udongo, majivu na mifupa iliyo kando yake. Hayo ndiyo humwezesha mwanaakiolojia kukadiria umri wake na kujua waliokitumia waliishi vipi. Tabaka hizo zikishavurugwa, hakuna maabara inayoweza kuzirejesha.

Sheria ya mazingira ya 1999 yataka miradi mikubwa, zikiwemo barabara kuu, ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kupewa leseni na mamlaka ya NEMA. Kanuni za 2003 zinaagiza masuala ya kijamii na kitamaduni yazingatiwe pia. Nayo Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 yamtaka anayegundua kitu cha kale kuarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba, akieleza mahali na jinsi alivyokipata.

Kazi yenyewe huanza kabla ya mashine kufika. Wataalamu husoma ramani, huwahoji wazee kuhusu makaburi na mahali pa matambiko, kisha hutembea kwa miguu njia yote iliyopendekezwa na kuchimba mashimo madogo ya majaribio. Ukaguzi huo haufai kuishia kwenye barabara pekee. Machimbo ya mawe na udongo, kambi za wafanyakazi na njia za mchepuko huweza kuleta uharibifu uo huo.

Mabaki yakipatikana, njia ni tatu: kuisogeza barabara, kulizingira eneo hilo lisiguswe, au kuyachimbua kitaalamu na kuyahifadhi. Yakijitokeza ujenzi ukiendelea, mwanakandarasi hupaswa kusimamisha kazi mahali hapo, kuweka alama na kumjulisha mhandisi msimamizi ili Makavazi yaitwe.

Turathi si vitu vilivyofukiwa tu. Mnamo Novemba 2020, mti wa mugumo uliokadiriwa kuwa na umri wa miaka 100 hivi ulikuwa hatarini kung'olewa katika barabara ya Waiyaki, Westlands, kupisha ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi. Wananchi walilalamika, hasa kwa kuwa mugumo ni mti mtakatifu kwa Wakikuyu. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza uhifadhiwe, na barabara hiyo ikafunguliwa mwaka wa 2022 mti ukiwa umesimama.

Mwaka wa 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu, ulio sehemu ya mpango wa LAPSSET unaojumuisha pia barabara, ulikiuka haki za wakazi, ikiwemo haki ya utamaduni.

Visa hivi viwili vyaonyesha gharama ya kuchelewa. Barabara ingali kwenye ramani, kuisogeza ni kazi ya kalamu. Kandarasi ikishatiwa saini, kila siku ya kusimama ni hasara, na kishawishi cha kufukia kilichoonekana huwa kikubwa. Ndiyo maana mwanaakiolojia anafaa kuitwa pamoja na mpima ardhi, wala si baada ya tingatinga kupita.