Risasi

Risasi ilikuwa jina la metali kabla ya kuwa jina la kitu kinachofyatuliwa. Neno limetoka Kiarabu, na maana ya kwanza ingali hai: sahani anazozitoa fundi wa betri za magari ni za risasi, metali laini, nzito, inayoyeyuka kwa digrii 327 za Selsiasi. Mlenga shabaha anahitaji msamiati mpana zaidi kwa vitu vinavyoingia kwenye bunduki: ganda, fataki, baruti, na risasi yenyewe, ile inayoruka. Kuviita vyote vinne risasi kunavuruga maelezo, maana shabaha hutulia pale uzito wa risasi na kipimo cha baruti vinapokuwa vilevile kila mara. Gobori, bunduki inayoshindiliwa kwa mdeki, halitumii ganda.