Kutunza maji nyumbani na bustanini: mashauri kwa familia za Lubumbashi

Hapa Lubumbashi mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Machi, karibu milimita 1,200 kwa mwaka. Kuanzia Mei hadi Septemba ni ukavu. Tunajua hali yetu: wakati wa mvua maji yanapita katikati ya lupango na kubeba udongo, wakati wa kiangazi watoto, hasa wasichana, wanaamka mapema na bidoni, na kufika shuleni wamechelewa. Maji tulikuwa nayo, hatukuyaweka.

Maji ya bati
Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Bati la meta za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 800, yaani mapipa manne ya lita 200. Tuweke mfereji chini ya bati na pipa lenye kifuniko, ili mbu wasizae humo. Mvua za kwanza tuziache zipite, kwa sababu zinaosha vumbi la kiangazi. Mji wetu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Kwa hiyo maji ya bati tuyatumie kufua, kuosha nyumba na kumwagilia.

Ndani ya nyumba
Robine inayovuja na kujaza kopo la lita moja kwa saa moja inapoteza lita 24 kwa siku: zaidi ya bidoni nzima ya lita 20. Tubadilishe mpira wake mapema. Maji ya kuoshea mboga au mchele tuyamwage kwenye miti. Maji yenye sabuni nyingi tusiyamwage juu ya mboga za majani.

Bustanini
Tumwagilie asubuhi mapema au jioni, kwenye shina, si juu ya majani. Tufunike udongo kwa majani makavu, ili jua lisiukaushe. Samadi na mbolea ya takataka za jikoni zinasaidia udongo kushika maji. Wakati wa kiangazi tuchimbe matuta ya lengalenga na matembele yawe chini kidogo ya njia, maji yabaki humo. Wakati wa mvua tuyainue, mizizi isioze.

Kisima
Kisima kiwe mbali na choo, meta 30 au zaidi, na upande wa juu wake. Kifunikwe, na kamba isilale chini.

Kanisa nalo lina bati, tena kubwa. La meta za mraba 200, kwa mvua ile ile ya milimita 20, linatoa lita 4,000. Kamati za wamama na vijana zinaweza kuanza na mfereji mmoja na tangi moja kabla ya Novemba, na jirani asiye na maji ya kufulia asirudishwe mlangoni.