Ardhi imeporomoka au imeporomoshwa?

KILA msimu wa mvua, neno ‘maporomoko’ hurejea magazetini na redioni. Wengi wetu tulilijua kwanza katika somo la jiografia, likitaja maji: maporomoko ya Thomson kule Nyahururu, kwa mfano. Siku hizi nikilisikia tu, nafikiria watu waliofukiwa.

Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, ardhi iliporomoka katika kaunti ya Pokot Magharibi na kuua zaidi ya watu 40. Taarifa nyingi zilisema ‘maporomoko ya ardhi’. Mnamo Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang nchini Tanzania iliyokuwa imelowa maji ilimeguka, ikateremka hadi mji wa Katesh ikiwa tope lililobeba mawe na magogo. Zaidi ya watu 80 walifariki. Wenzetu wakasema ‘maporomoko ya tope’. Nionavyo, istilahi zote mbili ni sahihi: ya kwanza hutaja kinachokatika mlimani, ya pili hutaja kinachomfikia mtu mlangoni.

Lisilo sahihi ni kuchanganya maporomoko na ‘mmomonyoko’. Udongo humomonyoka kidogo kidogo, msimu baada ya msimu. Huporomoka kwa ghafla na kwa wingi. Pia, nimewasikia watangazaji wakisema “maporomoko ilitokea”. La hasha! Maporomoko ‘yalitokea’.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Kitenzi ‘poromoka’ kina mwenzake, ‘poromosha’, kama vile ‘anguka’ na ‘angusha’. Ndiyo maana watu huporomosheana matusi. Tukisema “ardhi imeporomoka”, hatumtaji mtendaji. Ni kana kwamba mlima umeamua wenyewe. Tukisema “imeporomoshwa”, msikilizaji atauliza papo hapo: na nini? Na nani?

Si kila mkasa una mkono wa binadamu. Mvua kubwa na miamba dhaifu hutosha kuumega mlima. Hata hivyo, pale ambapo miti ilifyekwa mteremkoni, au kilima kikachimbwa ovyo, ‘poromoka’ humficha aliyehusika. Basi mwanahabari asiridhike nalo haraka. Aulize kwanza kilichoiporomosha ardhi, kisha achague kitenzi. Waliofiwa wana haki ya kupata angalau sentensi yenye mtendaji.