Kanuni ya kwadratiki: kutoka Baghdad hadi Tanga

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Kadhi wa Pangani huigawa mali yake katika mafungu 32: mjane 4, mwana wa kiume 14, kila binti 7. Hesabu hizi za mirathi zilikuwa zikifundishwa mwambao huu wa kaskazini kabla Mjerumani hajatia nanga. Lakini wengi wanaozijua hawajui kwamba zina ndugu wa tumbo moja: ile kanuni ya kwadratiki inayowatoa jasho wanafunzi wa Kidato cha Pili.

Ndugu hao walikutana ndani ya kitabu kimoja. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alikiandika Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, enzi za Khalifa al-Ma'mun. Kinaanza na milinganyo, kinapita kwenye vipimo vya maumbo, kisha kinamalizia na sehemu ndefu ya mirathi na wasia. Kwa mafungu ya urithi milinganyo ya kipeo cha kwanza ilitosha. Kipeo cha pili hakikuwa na kazi kubwa mbele ya kadhi. Hata hivyo, ni sehemu ile ya mwanzo iliyouzunguka ulimwengu.

Al-Khwarizmi hakutumia herufi x wala alama yoyote. Aliandika kwa maneno matupu: mraba na mizizi yake 10 ni sawa na 39. Mzizi, yaani upande wa mraba huo, ni ngapi?

Chukua kijiti uchore mchangani mraba ambao upande wake huujui. Ile mizizi 10 igawe nusu kwa nusu, kisha ubandike mstatili wenye upana wa 5 kulia na mwingine chini. Eneo lote sasa ni 39, ila kona moja iko wazi. Kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Izibe, nawe una mraba kamili wa 64, wenye upande wa 8. Toa zile 5 ulizoongeza: jibu ni 3. Kanuni nzima imo humo, pamoja na ile nusu ya b na kile kipeuo cha pili kinachotisha watoto.

Hakuwa wa kwanza. Wababeli walitatua mafumbo ya aina hii kwenye vigae vya udongo yapata miaka 1,800 kabla ya Kristo, na Brahmagupta wa India alieleza njia yake mwaka 628, bila kuogopa namba hasi. Al-Khwarizmi alizikwepa namba hizo, ndiyo maana ilimbidi agawe milinganyo yake katika aina sita. Mwaka 1145 kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini nchini Hispania, na Descartes, mwaka 1637, akaandika milinganyo kwa herufi karibu kama tunavyoandika leo.

Tanga ilipata shule ya serikali mwaka 1892, chini ya Wajerumani. Haja yao ilikuwa makarani, walimu na maakida, si wanahisabati. Mwaka uliofuata ujenzi wa reli ya Usambara ukaanza mjini humo, na kazi za kalamu zikazidi. Baadaye shule hiyo ilichapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi.

Baada ya uhuru Kiswahili kikashika shule za msingi, Kiingereza kikabaki sekondari, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Basi kijana wa Muheza au Mkinga aliyejifunza eneo la mraba kwa Kiswahili hukutana na kwadratiki kwa lugha nyingine. Mara nyingi huipokea kama kasida ya kukariri: hasi b, jumlisha au toa, na kadhalika, bila kuoneshwa kona iliyo wazi. Si ajabu akiisahau siku ya mtihani. Walimu wa Hisabati waanze na mchoro, kanuni ifuate. Chaki na ubao vinatosha.

Nawe msomaji, jaribu huu, nao ni wa al-Khwarizmi mwenyewe: mraba ukijumlishwa na 21 ni sawa na mizizi yake 10. Usiridhike ukipata jibu moja. Yapo mawili, 3 na 7.