Sanduku la Kioo Lililobeba Chai

Kabla watu hawajaanza kufuga samaki kwenye sanduku la kioo sebuleni, sanduku hilo lilikuwa tayari linabeba miche ya chai baharini. Nililisoma hili usiku mmoja nikitafuta kwa simu jinsi ya kuziba tangi la samaki linalovuja. Ukiishi Kericho, ambako chai inaanza pale ua wa jirani unapoishia, habari kama hiyo haikuachi ulale.

Tangi lenyewe ni mtumba. Futi tano kwa urefu, futi mbili kwenda juu, linameza lita 400 na ushee. Nilimtoa mama mmoja wa Bomet shilingi 6,000 kwalo. Yeye alikuwa analitumia kuwekea chakula cha kuku, na aliniambia wazi kwamba likitiwa maji linalia. Ukilijaza, maji peke yake yanapita kilo 400, kwa hiyo usiliweke juu ya meza ya mbao laini halafu umlaumu fundi.

Fundi wangu ni mzee wa madirisha. "Kijana, usipake juu ya ile ya zamani," alinikanya. "Kata yote." Alisema ukweli. Silikoni mpya haishikani na silikoni iliyokwisha kukauka, ndiyo maana kuziba ufa kwa juu juu ni kazi bure. Tulikata ule mshono wa ndani kwa wembe, kona kwa kona, tukapangusa kioo kwa spiriti, tukapaka upya kwa mara moja bila kusimama. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuua ukungu, kwani ile ya bafuni huua samaki pia. Nyumba ilinuka siki siku kadhaa. Kwa baridi yetu nililiacha wiki nzima kabla ya kutia hata tone.

Hii silikoni si ya zamani sana. Mpaka miaka ya 1960 matangi mengi yalikuwa na fremu ya chuma na kioo kilichobanwa kwa lami au putti. Lakini wazo la kuufungia uhai ndani ya kioo lilianza na daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward. Karibu mwaka 1829 aliweka buu la nondo kwenye chupa yenye udongo mbichi, akaifunga. Nondo si hoja. Kilichomshangaza ni kimmea cha jamii ya kangaga kilichochipuka humo, katika mji ambao moshi wake wa makaa ulikuwa unaua mimea yake yote. Maji yalipanda kama mvuke, yakagonga kioo, yakarudi udongoni.

Mwaka 1833 masanduku yake yalipelekwa Sydney kwa meli, na mimea ikafika hai, bila chumvi ya bahari kuigusa na bila mabaharia kugawa maji yao ya kunywa. Kodi ya kioo ilipoondolewa Uingereza mwaka 1845, kioo kikawa rahisi. Robert Warington akathibitisha mwaka 1850 kwamba samaki, konokono na majani ya majini wanaweza kulishana ndani ya tangi moja, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki.

Katikati ya hapo, mwaka 1848, Kampuni ya India Mashariki ilimtuma Robert Fortune China. Alivaa nguo za Kichina, akanyoa kichwa, akatoa maelfu ya miche na mbegu hadi miteremko ya Himalaya, ndani ya masanduku ya Ward. Kwa Kiswahili chetu cha kawaida, huo ni wizi.

Chai ya Kericho nyingi ni ya ukoo wa Assam, si wajukuu wa miche ya Fortune, na sitaki kukuuzia hadithi tamu kuliko ilivyo. Ila biashara ni ileile: unahamisha kiumbe kutoka kwao, halafu unatafuta ardhi ya kukipanda. Chai ilifika Limuru mwaka 1903, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay walikuwa wanafungua mashamba hapa. Ardhi ya Wakipsigis ilikuwa tayari imechukuliwa.

Mmea ukiingia, mtu akatoka. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa orkoiik waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Mamia, wazee kwa watoto, walitolewa kwenye baridi hii wakatupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto na mbung'o. Hawakuandaliwa sanduku lolote. Miche ilikuwa na udongo wake wa kwao, na kivuli, na unyevu uliopimwa. Wengi walikufa huko. Waliobaki walirudi uhuru ukikaribia, na wakakuta majani chai yamepandwa hadi ukingo wa barabara. Wajukuu wao bado wanadai ardhi hiyo leo.