Gari la Mtu Mmoja: Sura Moja ya Historia ya Usafiri Wetu

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na mavazi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyokwenda kazini asubuhi na kurudi makwao jioni: nani apanda, nani atembea, na nani amwachia mwenziwe nafasi. Katika insha hii twakusudia kuchunguza jitihada za serikali za kupunguza matumizi ya gari la mtu mmoja. Tutayatazama mambo hayo kutoka Buzwagi, kandokando ya mji wa Kahama mkoani Shinyanga, mahali ambapo safari ya kazini imebadilika zaidi ya mara moja katika maisha ya mtu mmoja.

Yafaa tuanze na yaliyotangulia. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walijulikana katika Afrika Mashariki yote kwa upagazi. Walikwenda pwani kwa misafara mikubwa, wakipokezana mizigo na kulinda kambi pamoja, kwani aliyejitenga aliyatia maisha yake hatarini. Nyumbani nako, vijana wa Kisukuma walikwenda mashambani kwa makundi chini ya uongozi wa nsumba ntale, wakalima shamba la huyu leo na la yule kesho. Hatusemi kwamba zamani zilikuwa pepo. Njia hizo hizo za misafara zilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Tunalosema ni kwamba safari na kazi vilihesabiwa kuwa mambo ya watu wengi.

Ukoloni uliingiza desturi nyingine. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Na dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Gari dogo lilikuwa la mkuu wa wilaya na la meneja. Mfanyakazi alikwenda kwa miguu, au alisimama nyuma ya lori. Mkulima wa pamba aliyepata mavuno mema alinunua baiskeli, na baiskeli hiyo ilibeba mke, mtoto, gunia na mgonjwa. Hivyo gari likawa alama ya cheo kabla halijawa chombo cha kusafiria. Kukaa peke yako ndani yake kulikuwa sehemu ya cheo chenyewe.

Baada ya Uhuru alama hiyo haikufutika. Wananchi walipoona viongozi wao wakirithi magari ya wakoloni, waliingiza maneno mapya katika Kiswahili: gari la mkubwa likaitwa naizesheni, na wenye magari ya fahari wakaitwa wabenzi. Maneno hayo yalikuwa mashtaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyajibu kwa kuweka miiko ya uongozi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, ili kuliunga mkono Azimio hilo. Watu wa Kanda ya Ziwa walimwona Rais akiwa na vumbi miguuni. Somo hilo lilieleweka bila hotuba.

Lakini sababu iliyoigusa serikali kwa nguvu zaidi ilikuwa mafuta. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 vilifuatwa na kupanda kwa bei ya pipa kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Mashaka hayo yalitukuta katika ukame, wakati taifa lilipokuwa likiagiza chakula kutoka nje. Yakaja tena mwaka 1979, mara tu baada ya vita vya Kagera. Fedha za kigeni zilizopatikana kwa jasho la mkulima wa pamba, kahawa na katani zilikuwa zikimalizikia katika matangi ya mafuta. Ndipo serikali ilipoweka amri ambayo wazee wengi wanaikumbuka hadi leo: magari ya watu binafsi yasitembee Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa kwa kibali. Amri hiyo ilidumu hadi miaka ya 1980.

Tunapoipima amri hiyo, hatuna budi kuwa waadilifu. Shabaha yake ilikuwa njema. Lita iliyookolewa mjini ingeweza kulisukuma lori la pamba hadi kinuni, na pamba isiyofika kinuni haikuwa na thamani yoyote. Aidha, kwa nusu siku kila juma, mwenye gari alitembea njia moja na asiye nalo.

Hata hivyo amri ilikuwa na upungufu mkubwa. Ilizuia matembezi ya Jumapili, lakini haikugusa safari ya Jumatatu. Kumwambia mtu aliache gari lake ni lazima kuendane na kumwonyesha atakachopanda. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970, kisha mwaka 1974 ikagawanywa: UDA kwa ajili ya jiji, na KAMATA kwa ajili ya safari za mikoani. Lakini ukosefu ule ule wa fedha za kigeni uliofanya mafuta yaadimike uliwanyima mafundi vipuri. Idadi ya watu iliongezeka, na mabasi yaliyo mazima yakapungua. Wafanyakazi walisimama vituoni tangu alfajiri, au walipanda kwa wizi magari ya watu binafsi yaliyoitwa chai maharage. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi jijini, na wananchi wakayaita daladala kwa sababu ya nauli ya shilingi 5, yaani dala. Basi la wengi lilirudi barabarani si kwa amri ya kuzuia bali kwa ruhusa ya kubeba.

Mataifa mengine yamepita katika njia hiyo hiyo. Mwaka 1943, wakati wa vita, serikali ya Marekani ilitoa bango lililomwonyesha mwenye gari akiendesha peke yake, na kivuli cha Hitler kimekaa kando yake. Singapore ilianza mwaka 1975 kuyatoza ada magari yaliyoingia katikati ya mji asubuhi, lakini gari lenye watu wanne au zaidi lilisamehewa. Jirani zetu wa Nairobi walitangaziwa mwaka 2019 siku mbili za juma zisizo na magari katikati ya jiji, lakini mpango huo uliahirishwa kabla ya kuanza, kwa kuwa matayarisho hayakutosha. Palipo na njia nyingine watu hufuata. Pasipo na njia amri hubaki karatasini.

Sasa turudi Buzwagi. Mgodi ule wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2009, na uchimbaji ukakoma mwaka 2021. Katika ukanda huu wa migodi mikubwa, mfanyakazi wa kawaida huenda kazini kwa basi la mwajiri. Fundi, mpishi na karani hukaa kiti kwa kiti, na zamu huanza kwa sababu basi limefika. Hakuna aliyewahubiria wajibu wa kuacha magari. Basi lilikuwapo, lilikuja kwa saa yake, na hilo lilitosha. Hapo twaona kwamba desturi ya msafara haikufa. Ilihitaji chombo tu.

Basi lile, hata hivyo, lilikuwa la mgodi, na mgodi una mwisho wake. Serikali imeamua kuligeuza eneo la Buzwagi kuwa eneo maalumu la kiuchumi, ili viwanda vichukue nafasi ya dhahabu. Je, wafanyakazi wa viwanda hivyo watafikaje kazini? Kama kila mwajiri atajali lango lake tu, mwenye uwezo atanunua gari, asiye na uwezo atatoa sehemu ya mshahara kwa bodaboda kila siku, na maskini zaidi atatembea kandokando ya barabara akipigwa vumbi na wote wawili. Kahama itakuwa imejijengea upya utaratibu wa meneja na mpagazi.

Kwa hiyo tunashauri kwamba njia ya basi, njia ya baiskeli na njia ya waenda kwa miguu zichorwe katika ramani ya Buzwagi kabla ya maegesho ya magari. Historia yetu yenyewe yatufundisha hivyo. Tulizuia magari kabla ya kuyatosheleza mabasi, na aliyeumia zaidi alikuwa yule ambaye hakuwa na gari la kuzuiwa.